Mahindi Yakauke Kwanza, Ghala Baadaye

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya wakulima wakati wa mavuno. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Mavuno yakifika, kila mtu hupumua. Mvua imekuja, palizi imekwisha, ndege na nyani wamefukuzwa, na sasa mahindi yako uani. Wengi huona kazi imeisha. Lakini kwa mkulima wa Makueni, Kitui na Machakos, wiki mbili au tatu baada ya kuvuna ndizo zinazoamua kama chakula hicho kitailisha familia au kitaidhuru. Mada ya leo ni wiki hizo: kukausha, kupima, kupukuchua, kuchambua na kuhifadhi mahindi ili sumukuvu isiyaingie.

Sumukuvu ni jina la sumu inayotengenezwa na kuvu, yaani ukungu unaoota kwenye nafaka. Haina harufu, haina ladha na macho hayaioni. Mtu anaweza kusonga ugali wake, akala akashiba, asijue alichokula.

Eneo hili linaijua sumu hiyo kwa uchungu. Mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos ya wakati huo baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 12 kati yao wakafariki. Mwaka 2004 hali ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Wapo wanaosoma jarida hili ambao walizika jamaa zao mwaka huo.

Uchunguzi uliofanywa ulionyesha jambo moja ambalo kila mkulima anapaswa kulitilia maanani. Sehemu kubwa ya mahindi yale yalikuwa yamelimwa na familia zenyewe katika mashamba yao. Yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, na mengi yaliwekwa ndani ya nyumba za kulala. Sababu inaeleweka: njaa ilikuwa karibu, wezi walikuwa wengi, na hakuna mzazi anayetaka kuacha chakula cha watoto nje usiku. Watu walivuna mapema na kuingiza mahindi ndani kabla hayajakauka. Mahindi mabichi yaliyorundikwa kwenye chumba chenye joto na hewa kidogo ndiyo makao ambayo kuvu huyapenda.

Kuvu hutoka wapi?

Kuvu inayotengeneza sumu hii huishi udongoni. Upepo na wadudu huibeba hadi kwenye mahindi yakiwa bado shambani. Mahindi yaliyopigwa na ukame wakati wa kuchanua na kujaza punje hushambuliwa kwa urahisi, na ndiyo maana sehemu kavu kama hizi zina hatari zaidi kuliko sehemu zenye mvua ya kutosha. Punje iliyotobolewa na mdudu au iliyovunjika ni mlango uliofunguliwa.

Kwa hivyo mahindi yakitoka shambani huenda tayari yamebeba kuvu. Linalobaki mikononi mwa mkulima ni kuinyima kuvu hiyo unyevu wa kuendelea kukua. Kiwango kinachokubalika cha unyevu kwa mahindi ya kuhifadhi katika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 kwenda chini. Mahindi yanapokomaa shambani huwa na unyevu wa asilimia 30 hivi au zaidi. Safari ya kutoka 30 hadi 13.5 ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza: kuvuna kwa wakati

Mkulima anaweza kujua kama mahindi yamekomaa kwa kung'oa punje chache kutoka katikati ya gunzi na kuangalia mahali ziliposhikana na gunzi. Akiona alama nyeusi hapo, punje imekomaa na haitaongezeka tena. Kuyaacha mahindi yaliyokomaa yakisimama shambani kwa wiki nyingi ili yajikaushie ni kuyaachia wadudu, panya, wezi na mvua ya ghafla. Bua likianguka na gunzi likagusa udongo, kuvu haina haja ya kusafiri.

Magunzi yavunwe siku isiyo na mvua, yawekwe kwenye turubai, mkeka, gunia safi au kikapu, na yasirundikwe chini. Yamenywe maganda haraka. Lundo la mahindi yenye maganda huchemka kwa ndani. Mkulima akitia mkono katikati ya lundo hilo asubuhi atahisi joto lake, na joto hilo ni dalili kwamba uharibifu umeanza. Magunzi yaliyooza au yenye ukungu yatengwe papo hapo shambani, yasichanganywe na mazuri hata kwa siku moja.

Hatua ya pili: kukausha

Kanuni ya kukausha ni fupi: mahindi yasiguse udongo. Turubai ndiyo bora, lakini karatasi ngumu ya nailoni, mkeka au kichanja cha miti kilichoinuliwa hadi kiunoni hufanya kazi ile ile. Kichanja kina faida zaidi kwa sababu hewa hupita chini na juu, na kuku na mbuzi hawafiki kwa urahisi.

Mahindi yaliyopukuchuliwa yatandazwe kwa unene wa vidole viwili, si zaidi. Yageuzwe kila baada ya nusu saa hadi saa moja ili ya chini yapate jua. Jioni yakusanywe na kufunikwa kabla umande haujaanguka. Mahindi yaliyoshinda juani kutwa yakiachwa wazi usiku hurudisha sehemu ya maji yaliyokwisha kutoka, na kazi ya mchana hupotea.

Mavuno ya Februari huwa na jua la kutosha, ingawa mvua isiyotarajiwa hutokea. Mavuno ya Julai na Agosti ndiyo yenye mtihani, kwa sababu miezi hiyo ni ya baridi na mawingu katika sehemu nyingi za Ukambani. Wakati huo mkulima asihesabu siku. Siku tatu za Februari zinaweza kuwa sawa na siku nane za Julai. Apime mahindi yenyewe. Wakulima wenye mavuno mengi wanaweza pia kuungana na kuuliza gharama ya kukausha kwa mashine katika bohari za Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, mahali ambapo huduma hiyo inapatikana.

Hatua ya tatu: kupima unyevu kwa chumvi

Vikundi vingi havina kifaa cha kupima unyevu. Kuna njia ambayo kila nyumba inaweza kuitumia bila kununua kitu.

Mkulima achukue chupa ya glasi yenye kifuniko, ya kiasi cha mililita 750. Iwe safi na kavu kabisa ndani. Achukue chumvi ya kawaida ya kupikia, aianike juani au aipashe kwenye sufuria kavu mpaka iwe inamwagika kama mchanga, kisha aiache ipoe. Achote mahindi kutoka sehemu mbalimbali za turubai, pembeni na katikati, juu na chini, ajaze theluthi moja ya chupa. Aongeze vijiko viwili au vitatu vya mezani vya chumvi hiyo. Afunge chupa, aitikise kwa nguvu kwa dakika mbili au tatu, halafu aiache itulie kwa dakika 15.

Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Yarudi juani. Chupa ikibaki safi na chumvi yote ikaanguka chini, unyevu uko chini ya asilimia 15.

Hapa ndipo wengi hukosea. Chupa safi haimaanishi kazi imekwisha. Asilimia 15 bado ni juu ya asilimia 13.5. Mahindi yakipita mtihani wa chumvi, yaongezewe siku moja au mbili za jua kali kabla ya kufungwa kwenye gunia la kukaa miezi. Mahindi yaliyotumika kwenye jaribio yapepetwe chumvi na kutumiwa jikoni, yasirudishwe kwenye akiba.

Wazee wana njia yao ya kung'ata punje. Punje kavu hupasuka kwa mlio, na punje mbichi hubonyea. Njia hiyo husaidia mtu mwenye uzoefu, lakini meno ya watu hayafanani. Chupa na chumvi hutoa jibu moja kwa kila mtu.

Hesabu ya uzito

Kuna jambo linalowafanya wakulima wengi wasikaushe vya kutosha, nalo linafaa kusemwa wazi: uzito. Mkulima anajua kwamba mahindi yakikauka hupungua kwenye mizani, na mnunuzi hulipa kwa kilo.

Hesabu ni hii. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi asilimia 13.5 litabaki na kilo 85 hivi. Kilo karibu tano zilizopungua zote ni maji. Kwa kipimo cha sokoni hizo ni gorogoro mbili na kidogo. Hiyo ndiyo gharama ya kukausha. Upande wa pili, gunia lisilokaushwa haliwezi kungoja. Litauzwa wiki ile ile ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kisha familia hiyo hiyo itanunua mahindi kwa gorogoro miezi michache baadaye, wakati bei imepanda. Au litawekwa ndani, lioteane ukungu, likose mnunuzi na lisifae kuliwa. Gorogoro mbili za maji ni bei ndogo kulinda gorogoro 42 za chakula.

Hatua ya nne: kupukuchua na kuchambua

Kupiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia ni haraka, lakini huvunja punje nyingi, na punje iliyovunjika huingiwa na kuvu na wadudu upesi. Kupukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri huvunja kidogo zaidi. Kikundi kinachokodi mashine kiangalie gunia la kwanza likitoka. Kama limejaa vipande, mwendeshaji aombwe arekebishe kabla ya kuendelea. Mahindi yakaushwe kiasi kabla ya kupukuchuliwa kwa mashine, kwa kuwa mabichi husagika.

Baada ya hapo yapepetwe na kuchambuliwa. Mara nyingi sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Hukaa kwa wingi katika punje chache zilizobadilika rangi, zilizonyauka, zilizotobolewa au zenye ukungu wa kijani au manjano. Mama anayechambua mahindi kwenye ungo jioni anaondoa sehemu kubwa ya hatari kwa mikono yake, na kazi hiyo isidharauliwe wala kuachiwa watoto wadogo peke yao.

Wapishi wa muthokoi nao wana habari njema. Kutwanga mahindi na kuondoa ganda hupunguza sumukuvu, kwa kuwa sehemu yake kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Hata hivyo kupunguza si kumaliza. Mahindi yaliyooza hayawi salama kwa kutwangwa.

Vilevile kuchemsha hakuondoi sumu hii. Githeri iliyochemka kutwa nzima, ugali uliosongwa ukaiva, uji wa mtoto: moto wa jikoni huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki.

Punje zilizotengwa zifanyweje?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake ni gumu kwa mtu mwenye mifugo. Punje mbovu zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa na kurudi mezani kwa watoto. Zisipewe kuku, bata wala mbwa, nao huathirika. Zisipelekwe kwa wapika pombe, na zisichanganywe na mahindi mazuri ili zifiche sura yao kwenye mashine ya kusaga. Zizikwe mbali na ghala na boma au zichomwe mahali pa wazi, watu wakikaa mbali na moshi.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Mahindi yaliyokauka bado ana adui wake, dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wengi wamempa jina la Osama kwa uharibifu wake. Alitambuliwa Kenya mara ya kwanza upande wa Taveta miaka ya mwanzo ya 1980, na leo anajulikana mbali na hapo. Hula punje na kuacha unga, na akimaliza mahindi anaweza kutoboa mbao za ghala.

Mifuko isiyopitisha hewa imewasaidia wengi kumshinda bila dawa. Mfuko wa aina hiyo huwa na gunia la nje na karatasi moja au mbili nzito za plastiki ndani, kulingana na aina yake. Wadudu waliofungiwa humo hutumia hewa iliyomo, hewa inaisha, nao hufa. Ili ufanye kazi, mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, mahindi yawe makavu kweli. Mfuko huu haukaushi. Unyevu ukiingia nao, hautoki tena, na mahindi yataharibika ndani.

Pili, karatasi za ndani zikaguliwe kabla ya kujazwa. Zipulizwe kama puto na kukandamizwa. Hewa ikitoka, kuna tundu, na karatasi hiyo itumike kwa kazi nyingine.

Tatu, mahindi yajazwe na kushindiliwa ili hewa ibaki kidogo. Karatasi ya ndani kabisa isokotwe mdomo, ikunjwe na kufungwa kwa kamba imara. Kisha ya pili, kama ipo, ifungwe hivyo hivyo peke yake, na mwisho gunia la nje.

Nne, mfuko usifunguliwe ovyo wiki za kwanza. Kila ukifunguliwa, wadudu hupata pumzi mpya. Familia iweke kando mahindi ya kula mwezi wa kwanza, mifuko mingine ikae imefungwa.

Mifuko yote, iwe ya aina hii au magunia ya kawaida, ipangwe juu ya mbao au mawe yaliyofunikwa, isiguse sakafu wala ukuta, na panya wazuiwe. Anayetumia dawa ya vumbi kwenye magunia ya kawaida ahakikishe imesajiliwa nchini kwa matumizi ya nafaka, haijapitwa na muda, na kipimo chake kimefuatwa kama lebo inavyosema. Dawa ya wadudu haiui kuvu na haiondoi sumukuvu.

Kama wizi unamlazimu mtu kuweka mahindi ndani ya nyumba, basi sharti moja lisivunjwe: yaingie yakiwa yamekauka na kupimwa.

Kinga kutoka shambani

Kuna kinga pia inayotumika kabla ya mavuno. Aflasafe KE01 ilitengenezwa kwa ushirikiano wa watafiti wa KALRO, IITA na Idara ya Kilimo ya Marekani, na hutengenezwa hapa karibu, Katumani, Machakos. Ni punje za mtama zilizouawa nguvu ya kuota, zikapakwa kuvu ya jamii ile ile lakini isiyo na uwezo wa kutengeneza sumu. Kilo nne kwa ekari hurushwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu isiyo na sumu huwahi nafasi na kuisukuma kando ile yenye sumu. Mtama huo si wa kuliwa, na kinga hiyo haimwondolei mkulima wajibu wa kukausha. Anayetaka kuitumia aanze kwa kuzungumza na afisa wa kilimo wa wadi yake.

Dalili za kuangaliwa

Mtu aliyekula sumukuvu nyingi anaweza kutapika, kuumwa na tumbo, kukosa hamu ya chakula, macho kugeuka manjano, na tumbo au miguu kuvimba. Ini ndilo hushambuliwa. Wanafamilia wawili au zaidi wakiwa na dalili hizi kwa wakati mmoja, waende kituo cha afya siku hiyo hiyo, waache kula mahindi waliyokuwa wakila, na wabebe kiasi kidogo cha mahindi hayo ili yapimwe. Yasitupwe yote, yasigawiwe jirani. Kula kiasi kidogo kwa miaka mingi nako huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B.

Kwa kumalizia, kazi ya kila nyumba msimu huu ni hii: turubai, chupa, chumvi, ungo na mfuko mzima usio na tundu. Vikundi vyenye turubai moja vipange zamu. Vijana wamsaidie mzee anayeishi peke yake kugeuza na kufunika mahindi yake mawingu yanapotanda, kwa sababu nguvu zake hazitoshi kukimbizana na mvua. Na mwenye swali asingoje baraza lijalo. Ofisi ya kilimo ya wadi iko wazi siku za kazi, na kuuliza hakulipiwi.